Nilivyomtembeza Shangazi Jiji la Dar es Salaam

Shangazi yangu alipostaafu ualimu wa historia kule Peramiho, mkoani Ruvuma, alinipigia simu akaniambia kwamba kabla miguu haijamkatalia angependa kuliona jiji la Dar es Salaam vizuri. Alikuwa amefika mara kadhaa kwa shughuli za matibabu na misiba, akashuka stendi, akalala kwa ndugu na kuondoka. Safari hii alitaka kutembea, kutazama na kula. Mimi ninaishi Kimara, sina gari, na kipato changu ni cha kawaida, hivyo ilinipasa kufikiri kwa makini namna ya kumtembeza mtu mzima mwenye maumivu ya magoti katika jiji la joto na foleni, ili aone mambo yenye maana kwake na ale vizuri pasipo kuchoka kupita kiasi.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kupanga ratiba kwa kufuata saa za chakula. Chakula kizuri cha Dar es Salaam kina wakati wake na mahali pake: samaki wa soko la Feri ni wa asubuhi, pilau ya Kariakoo ni ya mchana wa Ijumaa, mihogo ya Coco Beach ni ya jioni, na nyama za kuchoma za katikati ya mji huanza kunukia baada ya magharibi. Ukishayajua hayo, kilichobaki ni kutafuta cha kutazama karibu na pale mnapokula. Uamuzi wa pili ulikuwa kuchagua vivutio vinavyogusana na kwao kusini, kwa sababu niliamini kwamba mtu aliyefundisha historia maisha yake yote angefurahi zaidi kuona alama za watu wake kuliko kuzungushwa kwenye majengo marefu ya vioo.

Tulianza siku ya Jumapili. Siku hiyo maduka mengi ya katikati ya mji huwa yamefungwa, magari hupungua, na mzee anaweza kuvuka barabara bila kukimbizwa na honi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, hutoka Kimara hadi Kivukoni moja kwa moja, na asubuhi ya Jumapili kupata kiti si kazi. Tulikwenda kusali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, linalotazama bandari, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1897 na kukamilika mwaka 1902 chini ya wamisionari Wabenediktini. Ni shirika lile lile lililoanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, na padre aliyeianzisha, Cassian Spiss, baadaye alikuwa askofu mwenye makao yake Dar es Salaam, hadi alipouawa Agosti 1905 akiwa safarini kuelekea kusini, Vita vya Majimaji vilipokuwa vimeanza. Shangazi alilijua jina hilo tangu utotoni. Misa ilipokwisha hakutaka kutoka haraka; alikaa kwenye benchi akiyaangalia madirisha ya vioo vya rangi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kumbe kwetu kulianzia hapa."

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliyeuasisi mji huu, na mbele kidogo lipo kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu. Tulivitazama kwa nje tukiwa kivulini, kisha tukaenda polepole hadi Mtaa wa Samora, kwenye sanamu ya Askari.

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Wakazi wengi wa jiji hupita pale kila siku bila kuinua macho. Sanamu hiyo ya shaba nyeusi iliwekwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na askari huyo ameielekeza singe ya bunduki yake upande wa bandari. Kabla yake ilikuwapo sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji. Shangazi alizunguka msingi wake, akayasoma maandishi ya Kiswahili yaliyochongwa pale, kisha akanisimulia kwamba babu yake mzaa baba alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hiyo na hakurudi tena Songea. Habari hiyo ilikuwa ngeni kwangu, ingawa ni ya ukoo wangu mwenyewe.

Makumbusho ya Taifa, katika Mtaa wa Shaaban Robert, tuliyafanya kuwa mahali pa mapumziko ya mchana. Shangazi aliyaona mambo ya Zinjanthropus, zamadamu ambaye fuvu lake liligunduliwa Olduvai mwaka 1959 na ambaye habari zake shangazi alizifundisha darasani kwa miaka mingi, akayaangalia pia magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, na baada ya hapo tulikaa katika Bustani ya Mimea iliyo jirani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, hadi jua lilipopungua makali.

Soko la samaki la Feri tulilipa asubuhi yake peke yake. Anayetaka kulifurahia afike mapema, wakati madalali wanapopiga mnada na samaki wangali wanateleza kwenye meza za saruji: changu, kibua, nguru, jodari, pweza waliotandazwa na kamba waliopangwa kwenye mafungu. Nilimnunulia shangazi kandambili za mpira zenye kushika chini, kwa kuwa sakafu huwa na maji muda wote. Utaratibu wa pale ni rahisi na unavutia kuutazama. Unachagua samaki wako na kuelewana bei. Kijana wa kupaa samaki anampokea, anamkwangua magamba kwa mikwaruzo mirefu kutoka mkiani kwenda kichwani, anamtoa matumbo na kumkata mistari ubavuni. Kisha unampeleka kwa wakaangaji, ambao makarai yao makubwa hukaa juu ya moto wa kuni, na moshi wake hauna adabu kwa macho ya mgeni. Unalipia kila hatua, na kwa jumla bado ni nafuu. Shangazi, aliyekula mbasa wa Ziwa Nyasa tangu alipoota meno, alimwonja changu wetu kwa chumvi, ndimu na pilipili, akatafuna kwa utulivu, akatoa hukumu kwamba samaki wa bahari ana nyama nzuri lakini wa Nyasa ana mafuta matamu zaidi. Mama aliyetukaangia alicheka, akamwongezea kipande kingine ili abadilishe hukumu. Baada ya kifungua kinywa hicho tulipanda kivuko kwenda Kigamboni na kurudi, safari ya dakika chache ambayo kwa maoni yangu inatoa sura nzuri kuliko zote ya jiji zima, kwa nauli ndogo sana.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Kariakoo. Mwendokasi wa Gerezani hupita Mtaa wa Msimbazi, na ukishuka hapo umeshafika. Nilichagua siku hiyo kwa ajili ya pilau, kwa maana hoteli nyingi ndogo za Waislamu huipika kwa moyo zaidi siku ya Ijumaa, na watu wakitoka msikitini sufuria ndiyo kwanza zinafunuliwa. Tulikula pilau ya ng'ombe yenye bizari na mdalasini wa kutosha, pamoja na kachumbari na ndizi mbivu. Baadaye nilimwonyesha shangazi jengo la soko lililosanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975, lenye nguzo za zege zinazopanuka juu kama miavuli iliyopinduliwa ili paa likusanye maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 2021, na serikali ikachukua jukumu la kulikarabati. Nilimkumbusha pia kwamba eneo hilo lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, na akaniomba tutafute mahali pa kukaa. Tulikaa kwenye kijiwe cha kahawa, tukanywa kahawa chungu katika vikombe vidogo kwa kashata ya karanga, naye akaniambia majina ya ukoo aliyoyakumbuka. Niliyaandika yote kwenye simu.

Usiku mmoja tulikwenda Mtaa wa Libya, kwenye kona ya mgahawa wa Mamboz, ambako meza hupangwa nje na kuku huchomwa mbele ya macho yako. Shangazi alipenda juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu kuliko kuku mwenyewe.

Mwisho tulikwenda Oysterbay, kwa mwendokasi hadi kituo cha Morocco na bajaji kutoka hapo. Tulifika alasiri kwa wachoraji wa Tingatinga karibu na Morogoro Stores, na hapa uchaguzi wangu wa kufuata alama za kusini ulinilipa kuliko pengine popote, kwani Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji huo kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao wa hardboard na kufariki mwaka 1972, alizaliwa Tunduru, mkoa ule ule wa Ruvuma. Shangazi alizungumza Kiyao cha kuokoteza na mchoraji mmoja mwenye asili ya huko, akapunguziwa bei ya picha ndogo ya kanga wawili. Jua lilipoanza kushuka tulisogea Coco Beach, siku ya kazi makusudi, kwa sababu Jumapili jioni pale hapakaliki kwa wingi wa watu. Mihogo hukaangwa mpaka inakuwa na ganda kavu na ndani inabaki laini. Muuzaji anaupasua muhogo katikati, anaujaza kachumbari, na kukuuliza kiasi cha pilipili unachokimudu. Kule mbali Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lilikuwa limeshawashwa taa.

Kisiwa cha Mbudya, ambako hukaangiwa samaki ufukweni baada ya safari ya boti kutoka Kunduchi, tulikiacha kwa sababu ya magoti yake, na Kijiji cha Makumbusho cha barabara ya Bagamoyo hatukukifikia. Vivutio hivyo nimewawekea wadogo zake wawili, ambao wameshaniuliza kama mwezi wa saba nitakuwa na nafasi.