Mjomba na samaki wa kina

Kitinda mimba wetu juzi alitoka kuogelea ameshika sikio, ati alizama mpaka chini kabisa ya bwawa na masikio yakamuuma, halafu akaniuliza, "Baba, kwani samaki wa kule chini masikio hayawaumi?" Nikamwambia samaki wa chini shida yake si kushuka, ni kupanda. Akaondoka zake kutafuta chaja ya tableti, mimi nikabaki nacheka peke yangu sababu nilimkumbuka Mjomba na ile Jumamosi ya ziwa Minnetonka.

Mjomba ni mvuvi wa Shimoni, kule pwani ya Kenya. Alikuja kututembelea Minneapolis mwezi wa kumi, baridi ndio inaanza kung'ata, amevaa jaketi langu na juu yake jaketi la mke wangu, na kutwa analalamika ati nchi ina maziwa kila kona na hakuna wa kumpeleka. Basi kuna jamaa wa kazini, Mmarekani, mtu wa roho safi, ana boti, akasema mlete mzee tukavue krapi, samaki wa maziwa ya huku. Nikamkatia Mjomba leseni ya uvuvi ya wageni ya saa 72 tukaenda.

Sasa krapi wakati ule wa mwaka huwapati kwenye majani pembeni, wameshahamia katikati ya maghuba kwenye kina, na Minnetonka ina kina bana, kuna mahali panafika futi 113. Sisi tulisimama penye kama futi 32. Jamaa akawasha ile skrini yake ya kuonyesha samaki, akampa Mjomba fimbo iliyofungwa dropu shoti, yaani mtindo wa kufunga ndoana juu ya uzito, akaniambia nimtafsirie: hii ni teknolojia imetoka Japani, wavuvi wa Marekani wakaichangamkia miaka ya 1990 mwishoni, chubwi, ile risasi ya uzito, linakaa chini kabisa, ndoana iko futi moja na kitu juu yake, uzi mwembamba wa ratili 4, ncha ya uzi inarudishwa tena kwenye tundu la ndoana ndio ndoana isimame wima isilale kwenye uzi. Huchezeshi chubwi, unatetemesha ncha ya fimbo tu, chambo kinacheza palepale mbele ya macho ya samaki, na krapi macho yake yanatazama juu, chambo kikiwa chini yake hana habari nacho.

Mjomba akauvuta uzi karibu na macho, akaupapasa kutoka juu mpaka kwenye risasi, akanitazama.

"Japani?"

"Ndivyo anavyosema, Mjomba."

"Babu yangu Japani hakuijua hata kwa kusikia, na mshipi wake ulikuwa hivihivi, chubwi chini ndoana juu. Mwambie."

Nikamwambia jamaa kwamba mzee amefurahi sana.

Halafu Mjomba akafanya kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Aliiacha risasi ishuke mpaka ikagusa chini, akakaza uzi kidogo, akailaza fimbo kwenye ukingo wa boti kama vile haihitaji, akauchukua uzi akaupitisha juu ya kidole cha shahada. Kidole chenyewe kina makovu ya mishipi ya miaka yote ya kule nje ya kisiwa cha Wasini, mimi nilidhani hakisikii tena kitu. Akatulia. Jamaa yuko kwenye skrini yake anasema samaki wako chini yetu lakini hawali, ona, wamesimama tu. Upepo unapiga, pua yangu inatiririka, na Mjomba kidole kinapanda na kushuka kidogo mno, kidogo hata uzi hauonekani kusogea. Akasema polepole, "Anaonja." Mimi sioni kitu, ncha ya fimbo imetulia tuli. "Anaonja bado... anarudi..." na midomo yake inacheza kama anahesabu, kisha mkono ukapanda ghafla na uzi ukaanza kukata maji kuzunguka. Jamaa aliinuka na kusahau skrini.

Krapi, bapa, madoa meusi mwili mzima, kama chaa aliyepakwa masizi. Baada ya hapo wakaja mfululizo, fimbo za sisi wawili zikapata mmojammoja wa aibu.

Tatizo likaja na wale wadogo. Jamaa kwa adabu zake akawa anachukua kila mdogo anamrudisha majini, taratibu kabisa, anamshika kama yai. Na samaki hazami. Analala ubavu juu ya maji, macho yamemtoka, tumbo limesukumwa mpaka mdomoni, sababu huko chini maji yanambana na akivutwa juu haraka kile kibofu chake cha hewa kinafura. Shakwe wakagundua mapema kuliko sisi. Mjomba akawatazama shakwe, akamtazama jamaa.

"Muulize anamrudisha nani. Yule ni maiti."

Hiyo nilitafsiri, ila kwa kupunguza. Jamaa akasema sheria ni krapi 10 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo unabakisha wakubwa, wadogo unawapa nafasi wakue. Mjomba akasema tewa wa kina kirefu anafika botini vilevile, macho nje, na hajawahi kumwona anayekua baada ya hapo, wa kwanza kumi weka ndooni tuondoke. Wote wawili wananitazama mimi, na kusema kweli kila mmoja alikuwa analinda samaki. Nikasema baridi imezidi, twendeni.

Baadaye jamaa alisoma ushauri wa wataalamu, ati ukivua krapi kwenye kina kama cha siku ile usitegemee kuwarudisha, wengi hawaponi. Akabadilika kabisa, siku hizi hapitishi chubwi futi 25. Nikampigia Mjomba kumpa habari nikidhani atafurahi kwamba ameshinda.

"Na hao samaki wakienda futi thelathini?"

"Tunawaacha, Mjomba."

"Mmeshalipia leseni?"

"Ndiyo."

Akamwita shangazi aje asikie.