Kamba na gololi

Squid Game, tamthilia ya Kikorea, nimeiangalia kwa kuchelewa. Ilitoka Netflix Septemba 2021, mimi nimeimaliza mwezi uliopita, usiku, kwenye simu ya binti yangu, cherehani nimeshaifunika. Tulipofika kwenye mchezo wa kuvuta kamba tukanyamaza wote wawili.

Wachezaji ni 456, wote madeni yamewafika shingoni. Atakayebaki anachukua won bilioni 45.6, anayeshindwa anauawa. Kwenye kamba wanavutana kumi kwa kumi, juu kabisa, katikati yao shimo, mikono imefungwa pingu kwenye kamba yenyewe. Timu ya Gi-hun, mhusika mkuu, ina wanawake watatu na mzee Il-nam. Nilishawahesabu wafu. Kumbe mzee ndiye mjuzi: wapishane, huyu kushoto huyu kulia, kamba waibane kwapani, na sekunde kumi za mwanzo wasihangaike kuvuta, walale kinyumenyume tu wakitazama juu. Baadaye wanapoanza kuburutwa, mwenzao Sang-woo anapiga kelele wasogee mbele hatua tatu. Mbele, yaani kulekule kwenye shimo! Na wote wakasogea. Wapinzani wakapepesuka, wakaanguka.

Halafu zikaja gololi, wakishindana wawili wawili, kila mmoja na gololi zake kumi. Sang-woo yuleyule akacheza na Ali, kijana wa Kipakistani ambaye yeye mwenyewe alimwambia asimuite bosi, amuite kaka. Ali akawa anamshinda. Kaka akambembeleza, akamvisha mfuko wa gololi shingoni ili usiibiwe. Ali alipokuja kuufungua akakuta changarawe, gololi kaka kazichukua.

"Mama, huyu Ali mjinga," binti yangu akasema.

Neno hilo liliniuma, kwa sababu nami niliambiwa hivyohivyo. Hapa Ngamiani, Tanga, tunacheza mchezo wa kuchangiana hela, wanawake kumi, elfu ishirini kila Jumapili. Mwaka juzi mwenzetu mmoja aliomba kupokea wa kwanza, mama yake anaumwa. Alikuwa akiniita dada. Zamu ilikuwa yangu, nikampa, na kwa wenzangu nikamsemea mimi. Akapokea laki mbili, akachanga wiki tatu, ya nne simu haipatikani na chumba kitupu. Wiki saba zilizobaki nilimlipia mimi, laki na arobaini. Nilishona sare za shule mpaka macho yakawa yanatoa machozi yenyewe.

Nikamwambia binti akumbuke mchezo wa kwanza kabisa, Gi-hun alipojikwaa. Aliyemdaka nguo kwa mkono mmoja asianguke, bila hata kumjua, ni huyohuyo Ali. Huo si ujinga. Angekuwa mtu wa kutoamini watu, Gi-hun angekufa siku ileile.

Nililolala nalo ni Sang-woo. Kwenye kamba aliwaokoa wenzake, kwenye gololi akamuua mwenzake, na ni mtu yuleyule. Kwenye kamba akianguka mmoja wameanguka wote, kwenye gololi huponi mpaka mwenzio afe. Mchezo wetu tuliupanga kama gololi bila kujua: anayepokea mwanzo anaweza kuondoka na asiumie. Sasa anayetaka zamu nne za mwanzo lazima awe na mdhamini humuhumu ndani, na kijumbe, yule anayekusanya michango, anahesabu hela mbele yetu sote.

Ningeishia hapo, ila kuna msichana Ji-yeong. Kwenye gololi alipangwa na msichana mwenzake, Sae-byeok, hawajajuana hata siku mbili. Walikubaliana kurusha gololi mara moja tu, mwishoni kabisa, na muda wote wakakaa wanazungumza. Zamu ya Ji-yeong ilipofika akaiachia tu gololi ianguke miguuni pake, mwenzake apite. Hakuna pingu iliyomlazimisha. Nilimwambia binti arudishe nyuma, tukaangalia tena.

Jumapili iliyopita msichana mmoja mgeni ameomba zamu ya kwanza. Walipouliza nani anamdhamini, nimenyoosha mkono.