Kumbukumbu ya vyuma vya meno: braketi ya chini kushoto hatimaye imeshika

Braketi (kile kipande kidogo cha chuma kinachogandishwa jinoni ili kishike waya) ya jino la nne la chini, upande wa kushoto, imefika kliniki ikiwa bado mahali pake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze matibabu haya daktari amebadilisha waya bila kulazimika kugandisha chochote upya. Wenzangu wenye vyuma mdomoni wataelewa furaha yangu, kwa maana braketi inapobanduka, jino lake hubaki nyuma huku mengine yakisogea, na matibabu ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili huzidi kurefuka.

Tulianza kwa kushuku chakula. Nilikuwa nimekwisha kuacha mahindi ya kuchoma, miwa, kashata na kutafuna mifupa, na hata embe nilikuwa nikilikata vipande vidogo, lakini braketi iliendelea kutoka. Kisha tukashuku namna meno yanavyokutana, kwa sababu jino la juu likigonga chuma cha chini kila unapotafuna, hakuna gundi itakayostahimili. Daktari alinipa karatasi ya rangi niiume, akakagua alama zake, na hakuna hata moja iliyoangukia kwenye braketi. Jambo lililoninyima raha ni kwamba kila ilipobanduka, gundi yote ilitoka nayo, na jino likabaki safi kana kwamba halijawahi kupakwa kitu. Chuma kilikuwa kimeishika gundi vizuri. Aliyekataa kushikwa ni jino.

Nimekulia chini ya Mlima Meru, ambako chemchemi na visima vingi vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno yangu yana madoa ya kahawia kama ya wengi wa kwetu. Floraidi nyingi inayonywewa utotoni, wakati meno yanajengeka ndani ya taya, huacha enameli (ganda gumu la nje la jino) ambayo tabaka lake la juu haliyeyuki kwa urahisi likipakwa asidi. Nalo shikizo la braketi linategemea asidi hiyohiyo: asidi ya fosfori, mara nyingi ya asilimia 37, hupakwa kwa muda wa sekunde 15 hadi 30 ili ichimbe vitundu vidogo mno, gundi ikaingia humo na kukaushwa kwa mwanga wa buluu. Vitundu visipochimbika, gundi haina pa kujishikiza.

Safari hii daktari alianza kwa kulipuliza jino kwa unga laini wa oksidi ya alumini, akarefusha muda wa asidi, kisha akalikinga na mate kwa uangalifu mkubwa kabla ya kupaka gundi. Njia iliyokuwa imebaki ilikuwa kulizungushia jino pete ya chuma, na nimefarijika kuiepuka, kwa kuwa pete hukaa karibu na ufizi na kukusanya uchafu.

Waya mpya umeuma kama ilivyotarajiwa: siku ya kwanza na ya pili ndizo nzito, na kwa kawaida wiki haiishi maumivu hayajatulia. Mtori na uji vimenitosha, na nta imefunika ncha iliyokuwa ikikwaruza shavu.

Kuhusu vifaa, msimamo wangu ni thabiti kwamba kiburashi chembamba cha kupitisha chini ya waya kina faida kuliko mswaki wa umeme wa bei kubwa, kwa sababu uchafu unaoharibu meno hujificha pembeni mwa braketi, mahali ambapo mswaki wa kawaida hupita juu tu. Wapo majirani wanaoniambia niache dawa ya meno yenye floraidi kwa kuwa ndiyo iliyotupa madoa. Siwezi kukubaliana nao: madoa haya yaliandikwa utotoni, ilhali dawa inayopakwa leo juu ya jino lililokwisha kukomaa na kutemwa huilinda enameli isioze.

Nilipanga kulinganisha miswaki kwa vidonge vinavyopaka rangi uchafu uliobaki, lakini nimeuacha mpango huo kwa ajili ya jambo ninaloliona kubwa zaidi. Usafi ukilegea, asidi ya bakteria huacha alama nyeupe kuzunguka braketi, dalili ya kwanza ya kuoza, na kwenye meno yenye madoa kama yangu alama hizo ni rahisi kudhaniwa ni za zamani. Kwa bahati, kliniki ilipiga picha kabla ya kufunga vyuma. Nimeomba nakala, na sasa nalipiga picha kila jino kwa simu dirishani, asubuhi, meno yakiwa yamekaushwa kwa kitambaa safi, ili nifananishe doa kwa doa. Jino la nne la kushoto lina mstari mweupe chini ya braketi ambao kwenye picha ya awali siuoni vizuri, na ndilo swali la kwanza nitakalompelekea daktari.