Nyumba haina mtu, umeme kaula nani?

Nimekaa barazani kwetu Tanga, katikati ya Januari, kikombe cha kahawa mkononi, simu ikaita. Namba ya Uganda. Ni Nalongo, jirani yangu wa Kampala, mama wa mapacha.

"Musomesa, uko mzima?" Musomesa ndiyo mwalimu kwa Kiluganda.

Mzima, Nalongo. Akauliza tena: "Mzima kabisa?" Halafu nikamsikia akiwageukia watu, "Mulamu!", yaani yu hai, na huko nyuma kicheko kikapasuka.

Kumbe nyumba yangu ilikuwa inanuka siku ya tatu. Mwalimu Mtanzania haonekani, mlango una kufuli, harufu inatoka dirishani. Wameshamwita mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, na kijana mmoja kashika nyundo, ndipo Nalongo akasema jamani, tujaribu kwanza kumpigia. Kufuli likavunjwa kwa ruhusa yangu. Marehemu alikuwa kilo nne za nyama ya ng'ombe na sato wawili ndani ya friza. Yaka imekwisha, friza imezima.

Wasiojua, Yaka ndiyo LUKU ya huku Uganda, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Neno lenyewe ni la kuwaka, Kiluganda na Kiswahili hapo ni ndugu. Mimi shule zilipofungwa Desemba niliweka ya laki moja ya Uganda, zaidi ya uniti 100, nikapanda basi la Mutukula roho kwatu. Nyumba ya mtu mmoja, tena hayupo, friza peke yake itamaliza uniti 100? Nilikuwa tayari kumshtaki mtu. Nikawaza kuna jirani kajiunganishia waya.

Nalongo ndiye aliyenijibu, palepale kwenye simu: "Hii swichi nyekundu ya koridoni inawaka. Nani alikuwa anaoga?"

Wallahi sikuwa nikijua ni swichi ya nini. Mtu wa Tanga hita ya maji anaijulia wapi? Kwetu ukifungua bomba saa nane mchana unaruka mwenyewe. Huku asubuhi kuna baridi ya mlimani, maji ya moto nikayakuta yapo, nikaoga, sikuuliza. Kumbe lile tangi la juu ya choo likipoa kidogo linajiwasha, linachemsha, linapoa, linajiwasha tena, usiku na mchana, mwenyewe niko Tanga nakula machungwa.

Nikakaa na kalamu. Taa ya nje niliyoiacha kwa ajili ya wezi ni globu ya zamani ya wati 100. Saa 12 kila usiku ni uniti 1.2. Ile ya LED ya wati 9 ingekula kama sehemu ya kumi tu. King'amuzi hata ukikizima kwa rimoti kinaendelea kunywa taratibu hadi uchomoe plagi. Jumlisha friza, jumlisha hita, laki yangu imekwenda kwa mwezi na siku kidogo. Na bei ya huku si ya kuchezea: wakati ule uniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa shilingi 250 kila moja, ukizivuka iliruka zaidi ya 700. Geuzeni kwa LUKU mwone wenyewe. Na mto Nile uko hapo Jinja, bwawa lipo tangu 1954, Karuma nalo la megawati 600 likazinduliwa 2024! Lakini haya, mimi ni mgeni.

Ugeni huo mwenye nyumba aliukumbuka haraka. Nimerudi Februari, ananidai pesa ya kupaka rangi upya eti harufu imeingia ukutani, "nyie Watanzania mnapenda maji ya moto." Sikumjibu. Kodi yake nalipa miezi mitatu mitatu.

Nyie mnaoniandikia kila wiki kuhusu kazi ya kufundisha Kiswahili huku, njooni, kazi zipo. Ila kabla hujatoa pesa ya chumba, uliza kama Yaka ni yako peke yako au mnachangia, maana ya kuchangia ni ugomvi wa kila Jumapili. Mwambie mwenye nyumba akuoneshe kila swichi inawasha nini. Siku ya kwenda likizo, mgawie jirani nyama yako, friza ipanguse, iache wazi na vipande vya mkaa ndani, halafu shusha meinswichi. Umeme wenyewe ukikatika hurudi kwa kishindo, hicho nacho kinaua vyombo.

Nalongo alisugua friza ile kwa siki na ndimu, hela akakataa. Nilimletea kiroba cha machungwa ya Muheza na ufunguo wa pili wa kufuli jipya. Sasa kwao Yaka ikiisha mapacha wanakuja kuchaji simu kwangu, hata nisipokuwepo. Nazikuta nne zimejipanga juu ya friza.