Kitengo Kisichopata Mnunuzi

Mkurugenzi alisoma taratibu orodha ya vitu vilivyouzwa, akituangalia kila alipomaliza mstari: mashine za EFD za kutolea risiti pamoja na akiba yote ya ghalani, printa na kompyuta, karakana, magari sita, mikataba ya matengenezo ya wateja wa Dar es Salaam na wa mikoani, na watumishi wote wa maeneo hayo. Kisha akafunga faili. Ilikuwa Jumatatu ya katikati ya Mei mwaka 2018, katika chumba cha mikutano cha kampuni niliyokuwa nimeitumikia kwa miaka 13, kando ya Barabara ya Nyerere, na sisi tisa wa kitengo cha programu ya mishahara tulikuwa tumekaa safu ya nyuma. Dada mmoja wa kitengo chetu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia wateja kwa simu, alinyoosha mkono akauliza, "Samahani Mkurugenzi, na sisi wa programu?" Akajibiwa kwamba kitengo cha programu hakimo katika mauzo hayo, kwamba uongozi unaendelea kukitafutia mnunuzi wake, na kwamba kwa sasa tuendelee na kazi kama kawaida.

Maneno hayo, "kwa sasa", tuliishi nayo kwa zaidi ya miezi mitano.

Sababu ya kuachwa kwetu haikuwa siri, na sikuwahi kuiona kuwa ya hila. Mnunuzi alikuwa kampuni ya nje iliyotaka kuingia katika soko la mashine za kutolea risiti, ambazo Mamlaka ya Mapato ilianza kuwataka wafanyabiashara wazitumie mwaka 2010, na alichokitafuta ni ghala, mafundi na wateja waliokwisha kuzoea kulipia matengenezo. Programu ya mishahara alikuwa nayo yake, iliyotengenezwa nchini kwake na kuuzwa katika nchi kadhaa. Yetu ilikuwa imeandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ambayo zana zake Microsoft ilikwisha kuacha kuzihudumia tangu mwaka 2008, na ingawa ilifanya kazi vizuri, mtu yeyote ambaye angeichukua angechukua pia wajibu wa kuiandika upya siku moja. Nilipoitazama hesabu hiyo kwa macho ya mnunuzi niliielewa. Kilichonishinda ni kwamba ndani ya programu ile zilikuwamo kanuni za makato ya Tanzania za miaka zaidi ya kumi, kila badiliko na tarehe yake: kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kiliposhuka hadi asilimia 9 mwaka 2016, makato ya mkopo wa elimu ya juu yalipopanda kutoka asilimia 8 hadi 15, na mengine mengi ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameyaweka pamoja kwa namna ile. Niliamini kwamba kitu cha aina hiyo hakiwezi kukosa mtu wa kukitaka.

Mwezi Juni walikuja vijana wawili wenye kompyuta mpakato na bunda la stika zenye namba, wakahesabu mali. Walibandika stika kwenye kila meza ya ghorofa ya chini, kila kiti cha karakana, kila rafu. Katika chumba chetu walibandika moja tu, kwenye kiyoyozi, kwa kuwa viyoyozi vyote vya jengo vilikuwa vimeingizwa katika mauzo pamoja na mkataba wa pango. Meza zetu na seva yetu hazikuguswa. Walikuwa na adabu na walituaga vizuri, lakini walipotoka hakuna aliyezungumza kwa muda mrefu, na nakumbuka kwamba nilijishughulisha na kalenda ya ukutani nikijifanya natafuta tarehe.

Tarehe 1 Julai mauzo yalikamilika. Wenzetu tuliokula nao kwa miaka walisaini mikataba mipya na kupewa vitambulisho vya rangi nyingine. Afisa utumishi alikwenda nao, mhudumu wa mapokezi alikwenda nao, na hata namba ya simu ya mezani ilikwenda nao. Sisi tulibaki tukilipwa na kampuni ya zamani, ambayo sasa ilikuwa na mkurugenzi, mhasibu mmoja na kitengo chetu, tukiwa wapangaji katika jengo lililokuwa letu. Mshahara haukuchelewa hata mwezi mmoja, na haki inanitaka niliseme hilo. Kilichokuwa kimepotea ni mtu wa kumuuliza. Mmoja wetu aliomba likizo ya uzazi ya mkewe na fomu yake ikakaa wiki mbili kwa sababu hakukuwa na aliyejua nani anaisaini. Mimi nilikuwa na kiwanja Chanika na nyumba iliyofika kwenye lenta, na nilikuwa nimepanga kuongeza mkopo wa benki ili nipaue kabla ya mvua za vuli. Benki ilitaka barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba ajira yangu ni ya kudumu. Nilipompelekea Mkurugenzi ombi hilo, aliishika karatasi akaitazama, akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuandika jambo ambalo hana hakika nalo. Nilimheshimu kwa jibu lile kuliko nilivyoweza kumwonyesha siku hiyo. Mke wangu nilimwambia kwamba benki inachelewesha.

Katika miezi hiyo tulijifunza kuwasoma wageni. Akipita mtu mwenye suti katika korido, dada wa simu alitutazama sote kwa zamu. Walikuja watu wa kampuni moja ya hapa nchini, wakakaa nasi siku nzima, wakauliza maswali mazuri kuhusu wateja na kuhusu jinsi tunavyotunza nakala za data, wakaondoka wakisema watarudi. Baadaye alikuja mtu mwingine peke yake, ambaye hakuuliza chochote kuhusu programu ila idadi ya wateja wanaolipa ada ya mwaka na majina ya wanaodaiwa. Baada ya kila ugeni tulikaa siku kadhaa tukipima maneno waliyoyasema, nani alicheka, nani alichukua kadi ya nani. Watu wazima tisa, wenye shahada na stashahada, tulifikia mahali pa kubishana kama mgeni aliposema "tutaonana" alimaanisha kuonana.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo limenifanya niandike kumbukumbu hii.

Mdogo wetu katika kitengo, kijana aliyekuwa na miaka mitatu tu kazini, ndiye aliyekuwa amejenga sehemu ya programu iliyotumiwa na SACCOS, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo: akiba, hisa, mikopo na marejesho. Hakuna mwingine aliyeifahamu vizuri, mimi nikiwemo. Siku moja mwishoni mwa Juni tulikuwa tukila kwa mama lishe nyuma ya jengo, akasogeza benchi karibu nami akasema, "Kaka, kuna benki imeniita. Nilifanya usaili mwezi wa nne, wananitaka idara ya mifumo. Jibu wanalitaka kabla ya Ijumaa. Wewe unaonaje, nikae au niende?"

Nilimwambia, "Mdogo wangu, vuta subira. Wiki ijayo kuna watu wanakuja kutuona, na kwa ninavyoona mimi, hawa watatuchukua. Ukiondoka sasa utaanza upya kwa watu, na hapa ungekuwa mkuu wa sehemu yako."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua, na sikujua lolote. Nilichokijua ni kwamba kijana yule akiondoka, sehemu ya SACCOS haitakuwa na mtu, na kitengo kisicho na mtu wa SACCOS kitakuwa kigumu zaidi kuuzika, na kisipouzika nyumba yangu ya Chanika itabaki bila paa. Sikumwambia hesabu hiyo. Aliniamini kwa sababu nilikuwa kaka yake kazini na kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kazi. Ijumaa ilipita, na Jumatatu iliyofuata alinieleza kwamba amewaandikia kukataa. Wale watu wa kampuni ya hapa nchini walikuja kweli, ndio niliowataja, na hawakurudi tena.

Agosti ilituletea kazi ambayo kwa muda ilitusahaulisha hali yetu. Sheria Namba 2 ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko ya hifadhi ya jamii ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, kuanzia tarehe 1 Agosti, na wanachama wa PPF waliokuwa katika sekta binafsi wakahamishiwa NSSF, mfuko wa sekta binafsi. Kwa mwananchi wa kawaida hiyo ilikuwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwa mhasibu mwenye walimu 40 waliokatwa makato ya PPF mwezi Julai, ilikuwa na maana kwamba mwezi Agosti makato yale yale yapelekwe kwingine, kwa taarifa ya mpangilio mwingine, bila kumpoteza mtu hata mmoja. Wateja wetu walipiga namba ya zamani, wakaambiwa na mapokezi ya mwenye jengo mpya kwamba hapo hawashughuliki na programu. Wenye bahati walikuwa na namba zetu za mkononi. Mhasibu wa shule moja ya Morogoro, mama mtu mzima, alinipata jioni nikiwa kwenye daladala, na kabla ya yote akaniuliza, "Mwanangu, kwani ninyi sasa mko chini ya nani?" Nilimjibu kwamba mishahara ya walimu wake itatoka. Ndilo jibu pekee la kweli nililokuwa nalo.

Tulifanya kazi ile kwa wiki tatu, jioni na Jumamosi, bila mtu aliyetuamuru na bila posho ya ziada. Mdogo wangu alikaa nami hadi saa tatu usiku siku nyingi, ingawa SACCOS hazikuwa na shida hiyo. Katikati ya kazi, tukisoma sheria ile mstari kwa mstari, tulifika mahali palipotuhusu wenyewe. Fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako kazi inapokoma, ambalo kila mfanyakazi wa sekta binafsi alikuwa akilihesabu kama kinga yake siku kazi ikiisha, lilikuwa limeondolewa, na mahali pake pakawekwa fao la kukosa ajira, la theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Nilikuwa nimekwisha kuzipigia hesabu fedha zile za NSSF, bati na mbao, endapo mambo yangeharibika. Mdogo wangu aliisoma ibara hiyo mara mbili, akaniuliza kama ameielewa sawasawa. Nikamwambia ameielewa sawasawa.

Septemba mnunuzi wa mwisho alijitoa. Mkurugenzi alituita, safari hii tukakaa sote kuizunguka meza moja, akafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kama inavyotaka katika kupunguza wafanyakazi: akatoa notisi ya nia yake, akatueleza sababu, akatuonyesha vitabu vya hesabu, akatuuliza kama tunaona njia nyingine. Tulipendekeza tuendeshe kitengo wenyewe na kumlipa kidogo kidogo. Alilifikiria pendekezo hilo kwa siku kumi, na ninaamini alilifikiria kweli, lakini kampuni yenyewe ilikuwa inafungwa na wenye hisa walitaka imalizike. Wateja waliandikiwa barua wahamie kwingine kabla ya mwisho wa mwaka. Tukapewa notisi ya siku 28.

Mishahara ya Oktoba niliitengeneza mimi, kwa kuwa mhasibu aliyebaki hakuwahi kuitumia programu yetu na afisa utumishi alikuwa ghorofa ya chini kwa mwajiri mwingine. Majina tisa, langu likiwa la pili. Niliingiza mshahara wa mwezi, likizo zilizobaki, kisha kiinua mgongo. Sheria inatoa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na hauhesabiwi mwaka wowote baada ya wa kumi. Mshahara wa wiki unapatikana kwa kuugawa ule wa mwezi kwa 4.333. Niliandika miaka 13 mbele ya jina langu, na programu ikahesabu 10, kama nilivyoiagiza mimi mwenyewe mwaka 2007 sheria ilipokuwa mpya. Nilifungua msimbo nikautazama mstari ule. Ulikuwa sahihi. Miaka yangu yote ilitoa mishahara miwili ya mwezi na sehemu isiyofika theluthi.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Mbele ya jina lake niliandika miaka 3, ikatoka mishahara ya wiki tatu. Nilimwambia hapo hapo, bila kugeuka mwanzoni na kisha nikageuka, kwamba siku ile kwa mama lishe sikuwa na habari yoyote ya hakika, kwamba nilimtaka abaki kwa ajili ya kitengo na kwa ajili ya nyumba yangu, na kwamba ilinipasa kumwambia aende. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Hakusema kwamba haidhuru, wala hakunilaumu. Aliniomba nimchapishie hati yake ya malipo, nikamchapishia, akaisoma kuanzia juu hadi chini, akaikunja mara mbili akaiweka katika mfuko wa shati, akatoka kuwahi daladala ya Gongo la Mboto. Nikarudi kwenye orodha, yalikuwa yamebaki majina manne.