Kipini, kwenye kaburi la Fumo Liyongo

Mombasa hadi Witu sina la kusimulia. Taabu ilianza na bodaboda: tulipatana nauli, tulipofika Kipini kijana akadai mara mbili, eti njia ina mchanga mwingi. Nikalipa huku nimefura.

Kaburi la Liyongo, shujaa na mshairi anayesimuliwa pwani yetu, nililioneshwa upesi. Kilichonishika ni mzee aliyenikaribisha barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kutoka Tanga yote hiyo, kumzuru Liyongo?"

Nikamweleza wasomi wanavyovutana. Wapo wanaomweka karne ya 12, wapo wanaomleta hadi ya 17, na wapo wanaoshikilia kwamba ni mashujaa kadhaa waliovikwa jina moja. Kilwa, sultani Ali bin al-Hassan ameacha sarafu za shaba zenye jina lake. Liyongo hana hata moja.

Mzee akatua kikombe cha kahawa, akaanza kuimba wimbo wa Liyongo akiwa kifungoni. Kijakazi aende kwa mama, amwambie aoke mkate wa wishwa, yaani pumba, ndani atie tupa. Walinzi watakula mikate mizuri, ule wa wishwa watamtupia mfungwa. Vidole vyake vilikuwa vikipiga mdundo wa gungu, ngoma ya kale, juu ya sinia, kwani ngoma ndiyo iliyofunika mlio wa tupa ikikereza minyororo.

"Kama hakuwapo, haya katunga nani?"

Ushahidi huo hautoshi, najua. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha hadithi ya Liyongo mwaka 1870, na utendi wa Muhamadi Kijumwa, mshairi wa Lamu, ni wa 1913. Nyuma ya hapo karibu yote ni vinywa vya watu. Hata hivyo naamini alikuwapo. Shujaa wa kubuni angepewa kifo cha vitani. Huyu kachomwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe wa kumzaa, aliyehongwa na mfalme wa Pate. Nani angejitungia aibu kama hiyo?

Nikaikumbuka Tongoni yetu, kusini ya Tanga. Makaburi ya mawe tele, yenye nguzo, na tangu utotoni sijasikia hata ubeti mmoja wa waliolala pale. Iliniuma kweli.

Nilimwomba mzee aimbe tena nimrekodi kwa simu. Akasema tuswali alasiri kwanza. Beti zikatuchukua hadi isha, nikalala gesti isiyo na feni kwa bei ya Mombasa, na asubuhi nikarudi barazani kwake kwa zilizobaki.