Swali la Shangazi kuhusu gazeti la Ballarat

Tangu Jumapili maneno ya Shangazi hayanitoki kichwani. Nilikuwa nikimsimulia habari za Henry Seekamp, mhariri ninayemtaja kila mara, aliyeanzisha gazeti la Ballarat Times mwezi Machi 1854 kwenye machimbo ya dhahabu ya Victoria, Australia, akawatetea wachimbaji waliotozwa ada ya leseni, wapate dhahabu wasipate. Nikafika pale panaponiuma kila mara: alfajiri ya tarehe 3 Desemba askari walivamia ngome ya wachimbaji pale Eureka, wakaua watu zaidi ya 20, na kesho yake mhariri akakamatwa. Kati ya wachimbaji 13 walioshtakiwa kwa uhaini, hakuna aliyetiwa hatiani. Seekamp akafungwa kwa uchochezi.

“Na gazeti je, mwanangu, liliendelea kutoka?”

“Liliendelea, Shangazi. Mkewe, Clara, ndiye aliyelihariri.”

“Basi mbona huyo humtaji mpaka uulizwe?”

Mjomba ametoka hospitalini na ofisi yetu imehamishwa wiki hii, lakini mimi, ndani ya daladala na hata mezani, nimekuwa nikimjibu Shangazi kimoyomoyo. Namwambia kwamba Henry alihukumiwa miezi sita, akatumikia kama mitatu, na kwamba alifariki Queensland mwaka 1864 akiwa na miaka 35 tu. Mtu aliyelipa hivyo kwa ajili ya kalamu yake anastahili kutajwa kwanza. Naye, katika mawazo yangu, hurudia swali lile lile kwa upole ule ule.

Jana usiku niliisoma tena tahariri ya Clara ya tarehe 1 Januari 1855, iliyotoka kabla hata mwezi haujatimia tangu damu imwagike, ambamo alisema kwamba watu wa nchi ile si Waingereza bali ni Waaustralia. Aliyaandika hayo huku Henry akisubiri kesi kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa katika gazeti hilo hilo! Uchungu wote ulinitoka, nikajikuta nikisoma kwa sauti, nikitamani Shangazi angekuwapo asikie. Tahariri hiyo nitamsomea, na Henry nitaendelea kumtetea mbele yake.